Re: Bunduki ya upepo, niiache na risasi ndani au nitoe?

Mkuu, umeuliza kama inafaa kuiacha juu ya kabati ikiwa na risasi ndani ili iwe tayari muda wote. Hapana, usifanye hivyo kabisa. Watu wanaichukulia kama toi kwa sababu haina baruti, lakini kile kirisasi cha milimita 4.5 kikiingia kwenye jicho ndo basi tena. Toa risasi, hakikisha haijakokiwa, ifungie kwenye kabati lenye kufuli na vile virisasi weka sehemu nyingine, ufunguo kaa nao wewe, watoto wanajua kupanda viti bwana.

Kama ni ile ya springi unayoikunja mtutu, usiiache imekokiwa usiku kucha, springi inachoka. Na ukiwa unaingiza risasi shika mtutu kwa nguvu mkono mmoja, usiuachie hata sekunde, maana triga ikiguswa mtutu unarudi kwa kasi na vidole viko pale pale, mi nimeshaona kucha imeng'oka hivyo hivyo.

Kidole nje ya triga mpaka umelenga. Miwani vaa, na usipige kwenye jiwe au chuma, risasi inarudi. Mafuta futa kidogo tu kwa nje, yakiingia kwenye silinda, ile sehemu ya ndani inayobana hewa, yanaweza kuwaka.