Kiu isiyoisha na mama ana sukari: kapime

Pole sana dada angu, ila kwa ulivyoeleza, kiu haiishi, usiku unaamka kukojoa kila mara, unakonda na chakula unakula vizuri tu, halafu mama ana sukari na mjomba nae alikatwa mguu kwa sukari hiyohiyo, mi sioni cha kusubiri hapo, kapime kesho asubuhi. Usile wala kunywa chai, kaa na njaa masaa 8 hivi, maji matupu ruksa. Wanakutoboa kidole, tone moja tu la damu, majibu palepale. Ikisoma 7.0 kwenda juu (kwa kipimo cha mmol/L) hiyo inaashiria kisukari, watarudia maabara kuhakikisha, kati ya 6.1 na 6.9 bado hujafika ila umekaribia na hapo ndo chakula na mazoezi vinasaidia sana. Habari za mama na mjomba mwambie daktari hata asipouliza. Yale majani ya kuchemsha aliyokupa jirani achana nayo kwanza. Na ukianza kutapika, tumbo linauma, unahema kwa nguvu au usingizi mzito usioeleweka, usingoje asubuhi jamani, wakukimbize emajensi usiku huohuo.