Betri za Mashine Katika Joto la Dodoma: Niliyojifunza Saiti

Mwezi Novemba, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nikifunga dari za jipsamu katika nyumba mpya maeneo ya Nzuguni. Mnamo saa nane mchana mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja kukagua kazi, alitoka kwenye chumba tulichokifanya stoo akaniuliza, "Fundi, humu ndani nani amefungua dawa ya kutolea rangi ya kucha?" Hakuna aliyekuwa na dawa hiyo. Nilipoingia nilisikia mlio mwembamba wa hewa inayotoka, kama tairi la baiskeli lililochomwa mwiba, na ulikuwa ukitoka kwenye betri ya drili iliyokuwa inachajiwa. Chaja ilikuwa imewekwa juu ya godoro la mlinzi, katika chumba kisicho na dari, bati likiwa limepigwa na jua tangu asubuhi. Kijana wangu alichomoa waya ukutani, nami nikaikokota betri kwa koleo hadi uani. Kabla sijaiachia ilitema moshi mweupe mzito, kisha moto.

Baadaye, tulipokwisha kutulia, kijana alinisogelea. "Kaka, ile betri jana ilidondoka kutoka juu ya jukwaa."

"Mbona hukusema?"

"Niliijaribu nikaona bado inafanya kazi."

Sikumlaumu sana, kwa sababu jibu lake ndilo ambalo wengi wetu tungelitoa. Tumezoea kwamba kifaa kikianguka na bado kinawaka, basi kimepona. Kwa betri za lithiamu hesabu hiyo haifai, kwa kuwa ndani ya kila seli, yaani kila kijibetri kinachounda betri nzima, kuna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba sana wa plastiki, na utando huo ukibonyea au ukitoboka kidogo, betri inaweza kuendelea kufanya kazi hadi siku utakapoijaza umeme. Hapo ndipo joto huanza ndani, nalo huzaa joto jingine, mpaka seli moja inaichoma jirani yake. Tangu siku ile sheria ya saiti yangu ni kwamba betri iliyoanguka kutoka juu haichajiwi siku hiyo wala kesho yake. Inawekwa nje peke yake kivulini, inaangaliwa kama imepasuka, imevimba, inapata joto bila kutumika au inatoa harufu, na ikionyesha dalili moja tu kati ya hizo hairudi kazini tena. Aliyeiangusha hakatwi pesa, maana ukimkata mtu pesa leo, kesho atakuficha.

Nadhani kosa letu kubwa lilianzia tulipofurahia kuondokana na waya. Drili ya waya ilikuwa na usumbufu wake, lakini ukichomoa plagi mashine ilikuwa imekufa, na umeme ulibaki ukutani. Mashine ya betri haifi. Umeme tumeuhamisha kutoka ukutani tukaufungia ndani ya kiboksi kidogo tunachokirusha kwenye mkoba pamoja na misumari. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 4 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) imebeba wati-saa 72. Nguvu hiyo ikitoka polepole inafunga skrubu mia kadhaa, lakini ikitoka yote ndani ya dakika moja ni moto kamili.

Tuzungumzie joto, kwa sababu hapa kwetu ndilo tatizo la kwanza. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana Dodoma hufika nyuzi 31 au 32 kivulini, na vitabu vya maelekezo vya mashine nyingi vinataka betri ichajiwe katika joto lisilozidi nyuzi 40 hivi. Mtu anaweza kuona kwamba bado kuna nafasi, lakini hakuna anayechajia kivulini chini ya mwembe. Tunachajia ndani ya chumba chenye bati lisilo na dari, au ndani ya pikapu iliyofungwa vioo, au kwenye kontena la chuma, na humo nyuzi 40 zimepitwa kabla ya saa sita. Zaidi ya hayo, betri inayotolewa kwenye grenda baada ya kukata nondo tayari ina joto lake yenyewe. Ukiichomeka hapo hapo kwenye chaja unaongeza joto la tatu juu ya mawili.

Mimi sasa huchajia barazani upande usiopigwa na jua, chaja ikiwa juu ya kipande cha kigae sakafuni, mbali na godoro, maboksi, mbao, thina na makopo ya rangi. Betri iliyotoka kazini hupumzishwa nusu saa kwanza. Chaja nzuri hufanya hivyo yenyewe: ina kipimo cha joto, na ukiiwekea betri ya moto taa yake itamweka bila kuanza kuchaji mpaka betri ipoe. Wapo mafundi wanaoiona taa hiyo wakadhani chaja imeharibika. Nimemwona mmoja, kazi ikimkimbiza, akiomba betri yake iwekwe kwenye friji ya soda ya dukani. Ubaridi wa ghafla huleta umande ndani ya betri, na umande kwenye vyuma vya umeme ni kutu na shoti. Kivuli na upepo vinatosha, na kama kazi ni nyingi, nunua betri ya pili.

Jambo jingine ni ushauri wa zamani ambao bado unatembea saiti kama kwamba ni sheria: "Imalize kabisa ndipo uichaji," na "Mara ya kwanza ichaji usiku kucha." Ushauri huo ulikuwa na maana wakati wa betri za nikeli na kadmiamu, ambazo zilitawala mashine hizi kwa miaka mingi. Betri za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991 na ambazo zilienea kwenye mashine za ujenzi miaka ya 2000, zinataka kinyume chake. Mashine ikianza kulegea, simama uichaji. Kama utaihifadhi kwa muda mrefu, tuseme umesafiri kwenda kulima msimu wa mvua, iache ikiwa nusu, uitoe kwenye mashine, na uikague kila baada ya miezi miwili.

Betri iliyoachwa tupu miezi sita hushuka chini kiasi kwamba chaja huikataa, na hapo ndipo unapoingia mchezo wa kuishtua kwa nyaya kutoka betri nyingine au hata betri ya pikipiki. Naujua mchezo huo, nimeucheza, na betri mbili kati ya tatu nilizozishtua zilirudi zikafanya kazi, jambo lililonipa kiburi kisichostahili. Seli ikishuka sana chini ya volti 2.5 hivi, shaba iliyo ndani yake huweza kuanza kuyeyuka, na unapoijaza tena shaba hiyo inaweza kujenga daraja mahali pasipotakiwa. Chaja ilipoikataa haikuwa inakuonea, ilikuwa inakulinda.

Kuhusu chaja zenyewe, kuna mtego mmoja ambao sijaona ukisemwa vya kutosha. Drili nyingi za bei nafuu huja na chaja ndogo yenye ncha ya duara. Ncha hiyo hiyo hutumika kwenye drili ya volti 12 na kwenye drili ya volti 21. Betri ya volti 12 ina seli tatu na ikijaa kabisa inafika volti 12.6, wakati chaja ya drili kubwa inatoa volti 21, na ukizichanganya ncha itaingia vizuri kabisa bila malalamiko yoyote. Kama betri haina bodi ya ulinzi ndani, au bodi hiyo ni dhaifu, hakuna kitakachoizuia isijazwe kupita kiasi. Kila chaja nimeiwekea alama ya rangi yake, na betri zake rangi hiyo hiyo, ili hata anayefanya kazi kwa haraka asikosee.

Namba zinazoandikwa ubavuni mwa betri nazo zichukuliwe kwa tahadhari. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6, na zikijaa 4.2, kwa hiyo seli tano zilizopangwa mstari ni volti 18 au 21 kutegemea muuzaji anahesabu wakati gani. Volti 18, 20 na 21 mara nyingi ni kitu kimoja. Lakini sokoni utakuta betri ndogo kama hizo zimeandikwa 48, 88, hata 128. Nikiwa na shaka huipima kwenye mzani wa dukani ili nikadirie ina seli ngapi. Seli ya kawaida ya duara, ile yenye urefu wa kidole, ina uzito wa gramu 45 hivi na haizidi sana ampea-saa 3.5. Betri ya seli tano za aina hiyo inayojidai kuwa na ampea-saa 6 inadanganya, na anayedanganya kwenye kibandiko sina sababu ya kumwamini kwenye bodi ya ulinzi.

Umeme unapokatika, chomoa chaja, kwa sababu unaporudi mara nyingi hurudi kwa kishindo. Kwenye jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke chaja. Na unapoizima, chaja itoke kabla yake. Usichaji ukiwa umelala.

Kwenye kutumia mashine yenyewe, nitasema machache. Kabla ya kubadilisha biti, msumeno au jiwe la grenda, toa betri. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwani kidole hugusa bila kukusudia. Kama ni drili na unaiweka chini kwa muda mfupi tu, sukuma kile kitufe cha kubadilisha mwelekeo kikae katikati, maana kwenye drili nyingi hapo swichi hujifunga. Usiitoe kinga ya grenda ili kuweka jiwe kubwa: jiwe la milimita 115 limetengenezwa kuhimili mizunguko 13,300 kwa dakika, lakini la milimita 180 huhimili 8,500 hivi tu, wakati grenda ndogo nyingi huzunguka hadi 11,000. Jiwe likipasuka kwa mwendo huo halichagui uso wa nani. Na betri isitupwe mkobani na skrubu. Skrubu moja ya jipsamu ikilala kati ya vyuma viwili vya betri inatosha kuifanya iwe nyekundu kama kaa la mkaa. Nina mkoba wenye tundu linaloonyesha ilipotokea. Kile kifuniko cha plastiki kinachokuja na betri mpya, ambacho wengi hukitupa na boksi, kina kazi.

Nirudi Nzuguni. Betri ilipowaka uani, fundi mmoja alikimbilia mchanga, kama tunavyofanya kwa moto wa petroli. Mchanga uliufunika moto kidogo, kisha ukatokea upya pembeni, kwa sababu joto lilikuwa bado ndani. Kilichoumaliza ni maji, ndoo baada ya ndoo, kutoka kwenye pipa tulilokuwa tumelijaza asubuhi kwa maji ya boza, na yeyote aliyenunua maji ya boza huku atajua ilivyotuuma. Maji mengi huipoza betri hiyo, lakini hakikisha kwanza chaja imechomolewa ukutani. Kizima moto cha unga hushusha mwali bila kuondoa joto, kwa hiyo ukikitumia usigeuke ukaondoka. Na kuibeba kwa koleo kama nilivyofanya mimi sikushauri: moshi wake ni sumu, na kama imekwisha kuanza kuwaka ndani ya nyumba, toa watu, funga mlango na upige simu 114 kwa Zimamoto.

Betri zilizokufa sizitupi jalalani, kwa kuwa majalala yetu huchomwa moto kila wiki. Nazifunga gundi ya karatasi kwenye vyuma vyake na kuziweka kwenye debe la bati lenye mchanga mkavu, nyuma ya karakana, mbali na ukuta. Sasa zimefika tisa, na kila muuzaji ninayenunua kwake betri mpya namuuliza kwanza kama atazichukua za zamani.