Siku 30 au 60 za rufaa? Usihadaike na jina la Marekani kwenye jalada

Mkuu, umesema dada yako ni muuguzi huko Ohio, alimshtaki mwajiri wake kwa niaba ya serikali kwa kuidai Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee) malipo ya huduma hewa, kesi imetupwa, na rafiki yake kamwambia ana siku 60 za kukata rufaa kwa kuwa "mdai ni Marekani". Mwambie ahesabu 30, na aanze leo.

Mwaka 2011 nilikuwa karani kwenye ofisi ndogo ya mawakili hapa Marekani. Kazi yangu ilikuwa tarehe: hukumu ikitoka, nahesabu, nazungushia siku ya mwisho kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani. Tulikuwa na kesi kama hiyo ya dada yako. Juu ya jalada UNITED STATES OF AMERICA kwa herufi kubwa, chini yake kwa herufi ndogo jina la mteja wetu. Nikafungua kanuni ya 4 ya rufaa za shirikisho: siku 30 kwa kesi za kawaida, 60 kama Marekani ni mdaawa, yaani mmoja wa pande za kesi. Nikazungushia ya 60. Bosi akapita, akatazama, akasema sawa.

Siku ya 38 wakili wa upande wa pili akapiga simu kuhusu gharama za kesi, akauliza kwa upole: kumbe hamkukata rufaa? Bosi alikaa chini bila kukata simu.

Kumbe jambo lilishaamuliwa tangu Juni 2009. Kwenye kesi ya Eisenstein dhidi ya jiji la New York, wafanyakazi wa jiji walikata rufaa siku ya 54. Majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakasema wamechelewa. Sheria ya Madai ya Uongo, ile ya 1863 ya kuwabana wazabuni waliokuwa wakiliibia jeshi la Rais Lincoln, inamruhusu raia kushtaki kwa jina la serikali. Kesi hukaa kwa siri kwanza, serikali ikitafakari. Ikijiunga, inakuwa mdaawa, na pande zote zinapata siku 60. Ikikataa, raia anaendelea peke yake na muda ni 30, hata kama serikali inatumiwa nakala za kila karatasi na ndiyo itakayopata sehemu kubwa ya fedha kesi ikishinda. Kuwa na maslahi si kuwa mdaawa.

Tukaomba kuongezewa muda. Ombi hilo linaruhusiwa ndani ya siku 30 baada ya muda kuisha, lakini lazima uwe na sababu. Sisi sababu yetu ilikuwa kutosoma uamuzi wa miaka miwili nyuma. Jaji alikataa. Mteja, mama mtu mzima, aliuliza tu: "Kwa hiyo ni kalenda?"

Na usitegemee huruma. Mwaka 2007, kesi ya Bowles, jaji alimfungulia mfungwa upya muda wa rufaa, ila mwenyewe alikosea akampa siku 17 badala ya 14 za kisheria. Jamaa akapeleka notisi siku ya 16, ndani ya tarehe aliyopewa na jaji! Mahakama ya Juu ikamkatalia, kura 5 kwa 4. Mimi naona ni ukatili, lakini ndiyo sheria.

Sasa dada yako afanye hivi: atafute kwenye rejista ya kesi karatasi ya serikali inayosema inajiunga au inakataa. Asipoiona karatasi ya kujiunga, ni 30. Ahesabu tangu hukumu ilipoingizwa kwenye rejista, si siku barua ilipomfikia. Notisi ya rufaa ni ukurasa mmoja tu, na inapelekwa mahakama ile ile iliyomtupa, si ya rufaa. Hoja zitaandikwa baadaye.

Hukusema hukumu iliingizwa tarehe ngapi. Rudi utuambie.