Usimkabidhi mtoto simu yenye akaunti yako

Subiri kwanza. Unasema Ijumaa unampa binti yako wa darasa la tano simu yako ya zamani ya Android, akaunti yako imo tayari "kwa hiyo hahitaji nyingine", halafu unauliza bando lipi linafaa na programu ipi ya kusoma meseji zake. Tatizo lako ni hiyo akaunti.

Google haijui kwamba aliyeshika simu ana miaka kumi. Inakuona wewe. YouTube itamfungulia video za watu wazima, Play Store itampakulia chochote. Nywila ulizohifadhi kwenye Chrome zitajijaza zenyewe. Akifuta picha kwenye Google Photos ili apate nafasi, inafutika hadi kwenye simu yako mpya. Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni Gmail iliyo wazi. Kwenye michezo kuna watu wanaojifanya kugawa daimondi (pesa za ndani ya mchezo) za Free Fire: "nitumie namba iliyoingia sasa hivi nikuwekee." Mtoto anaituma, na namba hiyo ni ya uthibitisho wa akaunti YAKO. Aliyeingia kwenye barua pepe yako anabadilisha nywila za kila kitu ulichosajili kwa barua pepe hiyo, tena kwa utulivu kabisa, wewe uko kazini.

Na tafadhali usiwasikilize wale vijana wa maduka ya simu na "weka tu mwaka 2000, itakubali". Itakubali, ndiyo! Wao wanataka uondoke kaunta haraka. Mtoto aliyesajiliwa kama mtu mzima huwezi kumsimamia kwa Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, maana hiyo husimamia akaunti za watoto na vijana tu. Ukija kurekebisha umri baadaye, Google inakupa siku 14 za kuweka usimamizi wa mzazi, zikipita inaifunga akaunti pamoja na kazi zake za shule. Ushauri wa bure, gharama yake unalipa wewe.

Kanuni ni moja: mtoto awe na akaunti yake, kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, KABLA hajaigusa simu. Mniite askari magereza, nimeshazoea.

Hamisha picha zako. Ingia kwenye mipangilio, ondoa akaunti yako, kisha futa simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Usiruke hatua ya kuondoa akaunti ukaifuta simu kwa vitufe vya pembeni. Ikiwaka itadai akaunti ya zamani, na kama nywila umeisahau umekwama. Simu ikiwaka upya, chagua kufungua akaunti ya mtoto. Itaomba nywila yako kama mzazi. Ukimaliza kuidhinisha, hakikisha akaunti yako haijabaki kwenye simu hiyo. Kwenye simu yako pakua Family Link na uweke mambo haya: kila programu ipite kwako kwanza, hata ya bure, Chrome izuie tovuti za ngono, simu ijifunge saa ya kulala. Chujio hilo la Chrome halikamati kila kitu, kwa hiyo simu ilale sebuleni.

Kusoma meseji, Family Link haifanyi. Wanaokuuzia programu za kupeleleza wanakuomba uzime ulinzi wa simu ndipo ziingie, yaani unamfungulia mwizi mlango ili akusaidie kulinda nyumba. WhatsApp wenyewe, kwa akaunti ya kawaida, umri wao unaanzia miaka 13, kwa hiyo swali hilo bado mapema.

Laini yako ya M-Pesa itoe pia. Namba za uthibitisho huingia kwa meseji, na ikibaki humo kazi yote ya juu ni bure. Mrushie intaneti kutoka simu yako, na nywila ya kuunganisha usiweke mwaka wake wa kuzaliwa, ataipata kabla chai haijapoa.