Maswali na majibu: ffuf inaona kila ukurasa upo, je ni mbovu?

Swali: Habari za kazi. Nasimamia tovuti na mfumo wa wanachama wa SACCOS moja hapa Morogoro. Mwenzangu amenishauri tutumie ffuf kusaka kurasa na faili zilizosahaulika kwenye seva. Nimeijaribu kwanza kwenye Juice Shop, tovuti ya mazoezi iliyotengenezwa na udhaifu wa makusudi, ikanionyesha kwamba karibu kila neno la orodha lipo. Je, zana hii ni mbovu? Na nitapimaje programu huria ndogo kama hii kabla ya kuielekeza kwenye mfumo wa kazini?

Jibu: Nzuri. Zana ni nzima, na umefanya jambo la maana kuanzia Juice Shop, maana zana ya aina hii hupimwa pale ambapo majibu ya kweli unayajua wewe.

ffuf hubandika kila neno la orodha mahali ulipoandika FUZZ, hutuma ombi, kisha hukuonyesha jibu lenye msimbo (namba ya hali ambayo seva hurudisha) inaoukubali: 200 hadi 299, 301, 302, 307, 401, 403, 405 na 500. Basi. Haisomi ukurasa wala haijui maana yake. Juice Shop nayo ni programu ya ukurasa mmoja. Ukiiomba njia isiyokuwepo haisemi 404 (haipo), inakupa index.html ileile, yaani ukurasa wake wa mwanzo, pamoja na 200 (sawa). Kwa ffuf hiyo ni "ipo".

Iwashe Juice Shop tena hivi, ukiifungia ndani ya mashine yako, kisha uielekezee ffuf (`common.txt` ni faili ya orodha yako ya maneno):

`docker run --rm -p 127.0.0.1:3000:3000 bkimminich/juice-shop`

`ffuf -w common.txt -u http://127.0.0.1:3000/FUZZ`

Tazama mistari inayomiminika. Kila mmoja una Status, Size, Words na Lines. Size inayojirudia ndiyo ya index.html. Simamisha, chukua namba hiyo, rudia amri ukiongeza `-fs` na namba yenyewe. Ukipenda ffuf iitafute peke yake, tumia `-ac`: hutuma kwanza maneno ya kubahatisha, ikaona seva inavyojibu uongo, kisha ikachuja majibu yanayofanana na hayo. Lakini anza kwa mkono, ili ujue kilichochujwa.

Sasa orodha itakuwa fupi. Utaona `robots.txt` na `ftp`, ambavyo vipo kweli. Hiyo `ftp` ni folda iliyoachwa wazi, ifungue uone faili zake. Utaona pia kundi la 500 (kosa ndani ya seva): `apis`, `restaurants`, `profile` na nyingine kulingana na orodha yako. Hapa ndipo wengi wanapoandika ripoti ya aibu.

Juice Shop hutoa kosa la "Unexpected path" kwa njia yoyote inayoanza na `/api` au `/rest` isiyotambulika. Kwa hiyo `restaurants` si ukurasa, imeponzwa na herufi zake nne za mwanzo tu. `profile`, kinyume chake, ni ukurasa halisi unaokataa mtu ambaye hajaingia kwa akaunti. Msimbo ni uleule, ukweli ni tofauti. Njia ya kuvitenganisha ni kuongeza takataka mwishoni na kuuliza tena kwa curl, inayotuma ombi moja na kuonyesha jibu lake:

`curl -i http://127.0.0.1:3000/restaurantszzz`

`curl -i http://127.0.0.1:3000/profilezzz`

Ya kwanza inabaki 500, kwa hiyo neno halikuwa na maana yoyote. Ya pili inaangukia 200 ya index.html, kwa hiyo `profile` ilikuwa na njia yake. Fanya hivyo kwa kila kitu kabla hujakiita ugunduzi.

Kwenye mfumo wenu huenda ukakuta ukurasa wa "haipatikani" unaorudia anwani uliyoomba ndani ya maandishi yake. Hapo ukubwa hubadilika kwa kila neno na `-fs` haishiki. Chuja kwa idadi ya maneno, `-fw`, au ya mistari, `-fl`.

Kuhusu kuiamini programu yenyewe: ffuf imeandikwa kwa Go, leseni yake ni MIT, na unaweza kuijenga mwenyewe kwa `go install github.com/ffuf/ffuf/v2@latest`. Ukipakua faili iliyokwisha jengwa, linganisha alama yake ya SHA-256 na ile iliyotolewa pamoja na toleo. Nyota za GitHub hazipimi chochote. Soma hitilafu zilizoripotiwa uone kama wenye mradi wanajibu. Kisha iangalie inazungumza na nani, kwa strace, inayoonyesha kila muunganisho ambao programu inaufungua:

`strace -f -e trace=connect ffuf -w fupi.txt -u http://127.0.0.1:3000/FUZZ`

Muunganisho wowote usioelekea 127.0.0.1 unahitaji maelezo. Usiandike localhost hapo, usije ukachanganya maswali ya DNS (ya kutafuta anwani ya jina hilo) na mawasiliano ya siri. Kagua pia `~/.config/ffuf`: tangu toleo la 2, ffuf huweka humo historia ya vigezo ulivyotumia. Kama uliandika kuki ya msimamizi kwa `-H`, kigezo kinachoongeza kichwa kwenye ombi, inaweza kubaki kwenye diski. Kwenye kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu kadhaa, futa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwenu ni kasi. Bila kuambiwa, ffuf hufungua nyuzi 40 kwa wakati mmoja na haina kikomo cha maombi kwa sekunde. PHP-FPM, inayoendesha kurasa za PHP kwenye seva, ikiwa mipangilio yake haijaguswa mara nyingi ina `pm.max_children = 5`, yaani hushughulikia maombi matano kwa wakati mmoja. Arobaini wakigombania viti vitano, wanachama wataanza kuona makosa ya 502 na 504, na wewe utakosa matokeo: ombi lisipopata jibu ndani ya sekunde 10, ffuf hulijaribu mara moja tena, kisha huliacha neno hilo na kuongeza hesabu ya Errors. Errors ikiwa si 0, orodha yako ina mapengo. Kwa seva yenu anza hivi, usiku:

`ffuf -w common.txt -u https://ANWANI/FUZZ -t 5 -rate 10 -ac -o matokeo.json`

Orodha ya maneno 4,700 hivi itachukua kama dakika 8, si mbaya. Katika User-Agent, jina ambalo programu huipa seva, ffuf hujitambulisha kama "Fuzz Faster U Fool". Iache hivyo, ili msimamizi wa seva aitenganishe kirahisi kwenye rekodi za nginx.

Kabla ya hayo yote pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa uongozi, yenye anwani, tarehe na saa, na kutoka kwa kampuni inayowahifadhia tovuti pia kama seva si yenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haitofautishi fundi mwenye nia njema aliyeingia bila idhini.

Na usiitegemee ikuambie udhaifu uko wapi. Itakuonyesha `backup.zip` ipo, lakini kama ndani yake mna nywila za hifadhidata, utalijua hilo kwa kuifungua.