Akili, werevu na maarifa: lipi ni lipi?

SWALI: Natafsiri kitini cha saikolojia kuhusu maana ya kuwa na akili na aina za uwezo wa kufikiri. Naona waandishi wanachanganya akili, werevu na maarifa. Je, ni kitu kimoja? Na niandike "akili yake" au "akili zake"?

JIBU: Si kitu kimoja, na katika kitini cha aina hiyo kuyachanganya huvuruga hoja nzima. Akili ni uwezo wenyewe: wa kuelewa, kupambanua, kutatua jambo lisilowahi kukukuta. Maarifa ni kile ambacho uwezo huo umekusanya. Wahenga waliyatenga waliposema "akili nyingi huondoa maarifa". Methali hiyo isingesimama kama maneno hayo yangekuwa na maana moja.

Ukifika kwa mwanasaikolojia Raymond Cattell, tofauti hii itakubana. Yeye aligawa akili mara mbili: ile inayokabili tatizo jipya, na ile iliyojengwa na mafunzo na uzoefu, ambayo msamiati ni mfano wake. Ukiiita hii ya pili "maarifa" basi, msomaji ataiondoa kwenye akili, ilhali Cattell ameihesabu humo. Iite "akili ya mafunzo", ile nyingine "akili ya kukabili mapya", zifafanue zinapotajwa mara ya kwanza, kisha usibadilishe majina hadi ukurasa wa mwisho.

Werevu uache kando. Neno hilo lina harufu ya ujanja: aliyeerevuka ni yule asiyedanganyika tena, na mtu "hukwepa swali kwa werevu". Kwa hiyo andika "kipimo cha akili", si "kipimo cha werevu". Anayejifunza haraka ni "mwepesi wa kuelewa". Na tafadhali, alama 100 katika vipimo hivyo usiigeuze kuwa "asilimia 100". Hiyo 100 ni wastani tu wa watu wa rika moja. Ukiweka asilimia, mtu wa kawaida anakuwa amepata zote!

Sasa umoja na wingi. Akili iko katika ngeli ya I-ZI: umbo halibadiliki, upatanisho ndio unaosema. Katika mazungumzo wingi umezoeleka, kama katika "akili ni nywele, kila mtu ana zake", na hapo hakuna kosa. Katika kitini chako, hata hivyo, kiambishi kinabeba nadharia. Mwanasaikolojia Charles Spearman, mwaka 1904, alitetea uwezo mmoja wa jumla unaojitokeza katika kazi zote za kufikiri. Kwake andika "akili hii ya jumla inapimwa". Mwanasaikolojia Howard Gardner, mwaka 1983, alitaja akili saba, zikiwemo ya lugha, ya muziki na ya mantiki na hesabu; kwake andika "akili hizi zinatofautiana". Ukiandika "akili hizi" katika sura ya Spearman, umeshampinga kabla hajaeleza hoja yake.