Jibu: Kujipiga picha ukiwa watu tofauti ni sanaa kabisa

Dada, umeuliza kama mdogo wako anapoteza muda, leo kujipiga picha kavaa kama mzee wa kanisa, kesho kama kondakta wa daladala. Hapotezi. Hiyo ni sanaa, tena ngumu.

Mtafute mpiga picha Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akakulia Nigeria, vita vya Biafra, vya wenyewe kwa wenyewe huko Nigeria, vikamkuta mtoto, akaishia Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, alifungua studio yake ya picha. Mchana alipiga picha za wateja. Jioni, filamu ikibaki, alijipiga picha mwenyewe na kumtumia bibi yake Nigeria, aone kuwa mjukuu yu mzima. Mwaka 2008, katika picha zake, akajigeuza Lumumba, Nkrumah, Angela Davis yule mwanaharakati wa Marekani, na bondia Muhammad Ali. Uso ni uleule, ila tazama shingo ilivyokaa na macho yanakoelekea: ni mtu mwingine.

Mimi nina studio ndogo ya picha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kijana mmoja alikuja na koti la marehemu babu yake. Picha kumi na kitu, zote ni yeye tu kaazima koti. Kisha akakumbuka babu alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, kidole gumba juu. Alipoishika hivyo, mabega yakashuka yenyewe. Mama yake, pale mlangoni, akashika mdomo.

Mdogo wako aachane na filta za simu. Achague mtu mmoja anayemjua, amsome vizuri kabla ya kubonyeza. Mlete jioni yoyote, taa atatumia bure.